Miye najuwa kuadika.

Serge alipoondoka Bunia kwenda Nia-Nia kutafuta dhahabu, alichukua begi lake, chaja yake na kikombe chake. Sentensi yangu akaiacha. Aliiacha pale mbele, kwenye kioo cha mashine, mahali ambapo kila mtu aliyeingia kwetu aliisoma kabla hajasalimia.

Kwetu ni sekretaria ya Mama Dorothée, hapa mtaa wa Mbunya. Ni chumba kimoja chenye mlango wa bluu. Watu huja kupiga fotokopi, kuandikisha barua za kuomba kazi, kutia kadi zao plastiki. Mashine ya kuandikia, yaani kompyuta, ni moja tu, na Mama Dorothée ana utaratibu ambao sijauona kwingine: kioo cha mashine kinatazama upande wa wateja. Anayeandika hukaa ubavuni, shingo imepinda, na mteja husimama akiona kila herufi ikitoka. Zamani mtu mmoja alirudi na cheti cha ubatizo, akapiga kelele kwamba jina la mtoto wake limeharibiwa. Tangu siku ile Mama Dorothée alisema kila mtu ajisomee mwenyewe, kesho asilete maneno.

Basi kila mtu alijisomea.

Mimi naitwa Kavira. Kazi yangu ni kufagia, kupiga fotokopi, kutia plastiki, na kuwasha jenereta umeme ukikatika. Kuandika ilikuwa kazi ya Serge. Shule niliachia mwaka wa nne wa primere. Tulikuwa katikati ya mwaka tulipokimbia kijiji, na tulipofika Bunia mama yangu hakuwa na namna ya kunirudisha. Alipopata namna, nilikuwa nimekuwa mrefu kuliko watoto wote wa mwaka wa nne, nikaona haya. Sitaki kueleza zaidi. Wako wengi kama mimi.

Lakini nilikuwa na daftari lenye ganda la kijani. Wateja wakiwa wachache nilichukua fotokopi zilizoharibika, nikanakili maneno yake: mheshimiwa, kiwanja, nakala, ombi. Na ukurasa wa kwanza, kabla ya hayo yote, niliandika sentensi yangu mwenyewe ambayo sikuinakili popote: Miye najuwa kuadika. Niliiandika kama ninavyosema. Mwishoni nikaweka nukta, kwa sababu Mwalimu Aaron, aliyetufundisha mwaka wa tatu, hakuwa na mchezo na nukta. Akitusomea imla aliitaja yeye mwenyewe kwa Kifaransa. “Point!” alisema, na mtoto ambaye hakuiweka alivutwa sikio mpaka aiweke. “Point! Mstari mpya!” Vitu vingi vya shule vilinitoka tukikimbia. Nukta ilibaki.

Serge alilikuta daftari chini ya mashine ya plastiki, siku moja ya mvua.

“Aa, Kavira! Kumbe uko na siri!” Akasimama katikati ya chumba, akasoma kama anayesoma barua ya askofu. “Miye. Najuwa. Kuadika.”

Kulikuwa na wateja wawili. Mmoja alicheka mpaka akaegemea mlango. “Kuadika njo nini? Inapikwa na mafuta ama inachemshwa?”

“Rudisha,” nilisema.

“Ngoja, ngoja. Nikuwekee mu mashine, isipotee.”

Alifungua lile dirisha jeusi lenye maandishi meupe, ambalo alilifungua tu akitaka watu wamuone fundi. Akaandika huku anatazama daftari langu, tena daftari, tena kioo, akihakikisha hakosi hata kosa langu moja. Kisha akalifunga dirisha, na daftari langu akalitia kwenye begi lake. Kwenye kioo, katikati ya alama nyingine, ilitokea alama moja mpya ya njano, zile zinazofanana na kabrasha, ambazo sisi tunaziita dosie. Chini yake kuliandikwa: Miye najuwa kuadika.

“Sasa weye unayejua, ifute,” alisema, akanisukumia kipanya.

Nilifanya kama nilivyomwona akifanya. Mashine ikatoa kibao kidogo cha Kifaransa.

“Inasema hii kitu haipatikani,” Serge akatafsiri. “Haiko. Umeona? Hata mashine haikujui.”

Nilikuwa ninaiona. Ilikuwa hapo, njano, mbele ya macho ya watu wanne, na mashine inasema haiko. Nikabonyeza tena. Haiko. Nikajaribu kuibadilisha jina. Haiko. Wale wateja walicheka kila mara kibao kilipotokea. Nikarudisha kipanya, nikachukua ufagio, nikafagia mahali nilipokuwa nimekwisha kufagia. Mimi nikikasirika huwa sipigi kelele. Hasira yangu inaingia mikononi. Siku ile nilivunja mpini.

Ndani ya dosie hakukuwa na kitu, Serge alisema hivyo mwenyewe. Ilikuwa jina tu. Lakini jina lilitosha. Madereva wa pikipiki waliokuja kutia kadi zao plastiki waliliona. Walimu waliokuja kupiga fotokopi za mitihani waliliona, na hao ndio waliotikisa vichwa. Clarisse, anayeuza mandazi mlangoni kwetu, aliacha kuniita Kavira.

“Mama Kuadika! Njoo uchukue mandazi yako!”

“Mimi naitwa Kavira, dada.”

“Ninajua. Nacheka tu. Hautachekaka weye?”

Nilimwomba Serge mara tatu aiondoe. Mara ya tatu nilimwomba kwa adabu, kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea chakula. Alisema itatoka siku nitakayoandika barua nzima bila kosa. Wiki mbili baadaye akapata watu wa kwenda nao Nia-Nia, na akaenda.

Nilifikiri Mama Dorothée atatafuta mtu wa kuiondoa. Mama Dorothée si mtu mbaya. Alinipa kazi wakati hakuna aliyetaka kuniona. Lakini alipojaribu kuifuta mwenyewe na mashine ikamwambia haiko, aliinua mabega.

“Inakula chakula yako? Iache.”

Nikaiacha, kwa maana ya kwamba sikusema kitu. Kila asubuhi nilipanguza kile kioo kwa kitambaa. Nilipofika pale palipoandikwa sentensi yangu nilisugua kwa nguvu, kama vile ni tope.

Kisha, siku ya Alhamisi, Mama Dorothée alirudi kutoka mtaa wa Bigo na furaha.

“Kavira! Jumamosi tunapeleka mashine mu sale ya Bigo. Wanawake wa ushonaji wanapewa vyeti. Watakodi projektere, picha zao zitaonekana ku ukuta, kubwa-kubwa! Na mama yako njo ataitwa wa kwanza, alishona muzuri kupita wote.”

Mama yangu alikuwa ameniambia habari ya cheti. Alikuwa ameniambia mara nyingi. Mama yangu hajui kusoma hata jina lake, lakini alikuwa amekwisha kuchagua mahali pa kukitundika kile cheti, juu ya kitanda, mbali na moshi. Na alikuwa amewaambia wanawake wote wa ushonaji kwamba binti yake anafanya kazi ya kompyuta. Nilimkataza. “Mama, mimi ninafagia.” Akasema, “Unafagia wapi? Si pale kwenye kompyuta?”

Nikakitazama kioo. Nikakiona kimekuwa ukuta. Niliona ile alama ya njano kubwa kama mlango, na sentensi yangu ndefu kama benchi, na watu mia mbili wakiisoma kwa sauti moja, na mama yangu, amevaa kitenge chake kipya, akimuuliza jirani yake: wameandika nini? Na jirani akimwambia. Na mwingine nyuma akisema, huyo ni binti yake, yule wa kompyuta.

“Mama,” nilimwambia Mama Dorothée, “ile dosie.”

“Dosie gani?”

“Ile.”

Akaitazama. Kwa mara ya kwanza nadhani aliisoma na kukumbuka kwamba ina mwenyewe. “Ah. Ile. Ni muchezo tu, Kavira. Watu watacheka kidogo, itapita.”

“Mama yangu atakuwa pale.”

“Mama yako hajui kusoma.”

Alisema hivyo bila ubaya, akitafuta funguo kwenye mkoba wake. Nilikwenda nje, nikawasha jenereta wakati umeme ulikuwepo. Nilitaka tu kitu cha kuvuta kamba kwa nguvu zangu zote. Mama Dorothée alitoka, akanitazama, akaizima mwenyewe. Lakini jioni ile kabla ya kufunga alimpigia simu Nicolas.

Nicolas ni mtoto wa dada yake. Alisoma mpaka chuo, ana diplome, na hutembea na kalamu mbili mfukoni. Alifika Ijumaa asubuhi, akakaa kwenye kiti cha Serge, akavuta vidole vikalia. Mimi nilikuwa mahali pangu, kando ya fotokopi, upande wa wateja. Kwenye benchi alikaa Muzee Alphonse, ambaye tangu Jumatano alikuwa anangoja barua yake kuhusu kiwanja chake, kwa sababu hapakuwa na wa kumwandikia.

“Hii?” Nicolas aliuliza. “Hii tu? Dakika mbili.”

Alifuta. Haiko. Akaivuta kwenye pipa la takataka. Haikusogea. Akazima mashine, akaiwasha. Mashine ikaamka polepole na sentensi yangu ikawa ya kwanza kuamka. Akaweka dawa ya virusi, tukangoja saa nzima, dawa ikasema hakuna ugonjwa. Muzee Alphonse akauliza kama barua yake itaandikwa leo. Nicolas akasema, “Muzee, weye kaa.” Jasho lilikuwa limeanza.

“Tante, tuformate mashine. Tufute vyote, tuanze upya.”

“Vyote?” Mama Dorothée akashika kifua. “Barua za watu? Na picha za wanawake wa Bigo?”

“Njo hivyo.”

“Juu ya dosie moja ya Kavira? Hapana. Jumamosi iende vile iko.”

“Basi nitaficha alama zote, kioo kibaki kitupu.”

“Na picha nitazipatia wapi mbele ya watu? Miye najua tu kubonyeza pale ninapoona.”

Sikutaka ifichwe. Ikifichwa, Serge angerudi siku moja akaifichua kwa kidole kimoja, mbele ya wateja, na kicheko kingeanza upya. Nilitaka iondoke duniani. Lakini hakuna aliyeniuliza. Walikuwa wanazungumza juu ya sentensi yangu kama watu wanaozungumza juu ya bomba linalovuja, na mimi nimesimama hapo kama ndoo.

“Tumpigie Serge simu,” alisema Mama Dorothée. Akaweka sauti kubwa, wote tusikie.

“Allô, Mama!” Nyuma yake kulikuwa na muziki na watu wengi. “Nia-Nia iko muzuri!”

“Serge, ile dosie yako inatusumbua.”

“Gani? Ile ya Kavira?” Akacheka, cheko refu. “Ingali pale? Ee, huko Bunia muko na mafundi ama muko na wapishi?”

“Kesho niko na sherehe, mwanangu. Utusaidie.”

“Kavira iko pale? Aniombe yeye mwenyewe. Aseme hivi: Serge, pardon, miye sijui kuandika. Nitawaonyesha mara moja.”

Wote walinigeukia. Mkononi nilikuwa na kadi ya mteja, bado ya moto, imetoka sasa hivi kwenye mashine ya plastiki. Niliishika hivyo hivyo.

“Sema basi, Kavira,” alisema Mama Dorothée kwa upole. “Ni neno tu.”

Ni neno tu. Nilimtazama. Nilimtazama Nicolas, aliyekuwa ananihimiza kwa nyusi. Nilimtazama Muzee Alphonse, na yeye peke yake aliinamisha macho. Kidole changu kilikuwa kinaungua. Sikusema.

“Hataki?” ilisema simu. “Sawa. Basi Nicolas, uiandike vile iko, vile yeye aliandika, itatoka. Lakini weye uko na diplome, hautaweza!” Kikasikika tena kicheko, kisha simu ikakatika.

“Anatuchezea,” Nicolas alisema.

Alitoa simu yake, akatafuta kwenye mtandao, akasoma midomo ikitembea. Baada ya muda akapiga meza. “Nimeona! Kuko alama za kuweka mbele ya jina. Mistari miwili ya kulala upande, alama ya kuuliza, mustari tena. Hapo mashine haitaleta ujuaji wake, itachukua jina vile umeliandika.” Akafungua lile dirisha jeusi. Akaandika amri ya kufuta, akaandika zile alama, akaandika njia ya kufikia pale dosie ilipo, kisha akaandika jina. Alibonyeza kitufe cha Entrée kwa kishindo.

Haipatikani.

Akaandika tena. Haipatikani. Akaandika mara ya tatu, haraka zaidi, kama mtu anayebishana.

Mimi husoma polepole. Ninasoma herufi moja, ninaiacha, ninachukua inayofuata. Watu waliosoma sana hawafanyi hivyo. Wao hulitazama neno kama wanavyoutazama uso wa jirani; wakishalijua, hawalitazami tena. Na kwa sababu ya utaratibu wa Mama Dorothée, kile kioo kilikuwa kimenigeukia mimi, na sikuwa na kazi nyingine ila kusoma. Nikasoma alichoandika Nicolas: mimi najua kuandika. Nikasoma kilichoandikwa chini ya alama ya njano. Nikarudia vyote viwili, herufi kwa herufi.

“Umeandika vizuri,” nilisema.

“Asante,” alisema Nicolas, bila kugeuka.

“Hapana. Umeandika vizuri, njo maana haipatikani. Andika vibaya.”

Akageuka sasa. “Nini?”

“Pale hapana mimi. Ni miye.”

Akatazama. “Ah. Sawa.” Akabadilisha. Haipatikani.

“Najuwa,” nilisema. “Iko na w.”

“Najua haina w.”

“Yangu iko nayo.”

Akaweka w, uso umekunjwa kama mtu aliyepewa dawa chungu. Haipatikani.

“Kuadika.”

“Nimeandika kuandika.”

“Kuadika. Mule hamuna n.”

“Kavira, kila mutu anajua kuandika iko na n!”

Muzee Alphonse alikohoa kwenye benchi. Nicolas akaanza upya. Nikaona vidole vyake vinakwenda: k, u, a, n. Akafuta. K, u, a, n. Akafuta tena, akacheka kidogo kwa aibu. Mikono yake ilikuwa imefundishwa, haikuweza kukosea makusudi. Mara ya tatu aliiweza, lakini kwa kuishughulikia ile n alikuwa amerudisha najua bila w, na mimi yake ya kwanza. Haipatikani.

Kila mara alipokosea alitoa pumzi na kunitazama, kama mimi ndiye niliyeharibu. Kama ile sentensi ni mtego niliomtegea. Diplome nzima ilikuwa inashindwa kuandika maneno yangu matatu, na bado mjinga nilikuwa mimi. Kitu kilinipanda. Wiki zile zote kilikuwa kimekaa mikononi, kwenye ufagio, kwenye kitambaa, kwenye kamba ya jenereta. Sasa kilikuja mdomoni.

“Toka,” nilisema.

“Unasema?”

“Toka kwenye kiti.”

“Kavira!” alisema Mama Dorothée.

“Mama, hii kitu ni yangu. Watu wote wameisoma, wote wameicheka. Weye umeniambia nimuombe Serge pardon juu ya kitu nilichoandika miye mwenyewe mu daftari yangu. Nimuombe pardon ya nini? Nilimuiba nini? Nicolas atoke. Niandike.”

Sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa wakati mmoja mahali pale. Clarisse aliacha mandazi yake, akaingiza kichwa mlangoni. Nicolas aliinuka. Nadhani aliinuka kwa mshangao tu.

Nilikaa. Kiti kilikuwa bado cha moto. Nicolas aliniandalia mwanzo wa amri, zile alama zote mpaka pale jina linapoanza, akaninyooshea kidole. “Ukimaliza funga na alama hii. Na usikosee.”

“Nitakosea vile nilikosea,” nilisema.

Niliandika kwa kidole kimoja. Miye. Nafasi. Najuwa. Nafasi. Kuadika. Nilisimama.

“Sasa funga,” alisema Nicolas.

“Bado. Iko na point.”

“Point ni ya sentensi. Majina ya dosie hayana point.”

“Hii iko nayo.” Niliweka ukucha juu ya kioo, chini ya alama ya njano, mwishoni kabisa. Nicolas akasogeza pua. Mama Dorothée akavaa miwani.

“Nilifikiri ni vumbi,” alisema Nicolas.

“Ningekuwa nimeipanguza. Ninapanguzaka kila asubuhi.”

Niliweka nukta yangu. Nikafunga na alama. Kisha nikasoma nilichoandika, kuanzia mwanzo, na ilikuwa ile ile, kama siku niliyoiandika kwa kalamu. Sikuiona mbaya. Hilo liliniongezea hasira, kwamba nilipaswa kuandika sentensi yangu kwa mara ya pili ili niiue.

Nikabonyeza Entrée.

Lile dirisha jeusi halikusema kitu. Halikusema haipatikani. Lilishuka tu mstari mmoja, likangoja. Point, mstari mpya. Na pembeni ya dirisha, kati ya picha za wanawake wa Bigo na barua za watu, pale palipokuwa njano pakawa bluu tupu ya kioo.

“Eh!” alisema Clarisse mlangoni.

Muzee Alphonse akapiga makofi, mawili tu, makavu. Mama Dorothée akamshukuru Mungu. Simu ya Nicolas ikalia, naye akaangalia jina, akacheka, akaweka sikioni.

“Serge! Imekwisha, ndugu! Nimeitoa. Ee. Ilikuwa tu mambo ya alama mbele ya jina. Nilikuambia nini?”

Nilinyoosha mkono. Alidhani nataka kumsalimia Serge, akanipa simu.

“Serge, ni Kavira. Si Nicolas, ni miye nimeitoa.”

Nikamsikia akitoka penye muziki.

“Weye? Uliandikaje?”

“Vibaya,” nilisema. “Kama ulivyonicheka. Na ukirudi hapa, unipe daftari yangu mu mukono, mbele ya watu walewale.”

“Kavira, ulikuwa tu muchezo...”

Nilimrudishia Nicolas simu yake. Nikaweka mikono juu ya herufi.

“Haya, inuka,” alisema Mama Dorothée, “Nicolas apange picha za kesho.”

“Nitazipanga miye.”

“Unajua?”

“Mama, mwaka muzima kioo kinaniangalia. Kila kitu Serge alikuwa anafanya, nilikuwa nakiona.”

Akakitazama kile kioo. Labda aliufikiria ule utaratibu wake. Mimi nilibonyeza upande wa kulia wa kipanya, nikachagua kipya, nikachagua dosie. Nikaandika polepole, herufi kwa herufi: Sherehe ya Bigo. Mwishoni nikaweka nukta, nikabonyeza Entrée. Dosie ikatokea, ya njano, safi. Nikasoma. Nukta haikuwepo. Nikairudia. Mashine ikaila tena.

“Inaondoaka yenyewe,” alisema Nicolas. “Bila lile dirisha jeusi, haikubali point mwishoni. Njo Serge alipitia kule.”

Nilikaa nikaitazama ile mashine. Nilivutwa masikio kwa ajili ya nukta. Nilichekwa wiki nne nzima na nukta yangu ikiwa imekaa pale. Na hii nayo inaichukua bila kuomba, kama vile haikuwa ya mtu. Ningeweza kuipiga. Badala yake nilimwita Muzee Alphonse asogee, asome barua yake ikitoka, nikamwambia nitakwenda polepole na asinisukume. Akasema kiwanja chake kimengoja miaka sita, kitangoja na saa moja. Sikuinuka kwenye kile kiti mpaka jua lilipofika mlangoni.

Jumamosi sale, ule ukumbi wa Bigo, ilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Niliiunganisha mashine na projektere mimi, huku Nicolas akinielekeza waya. Mama Dorothée akachukua mikro, akawasalimu wageni, akamshukuru fundi wetu Nicolas, ambaye alikesha akitutengenezea mashine. Hakuna aliyekesha. Nicolas akainua mkono, watu wakampigia makofi. Nilisimama kando ya ukuta na meno yangu yamebana. Nilitaka kwenda kuuchukua ule mikro. Sikwenda. Lakini niliapa kwamba Jumatatu nitamwambia Mama Dorothée kwamba fundi nilikuwa mimi, na Jumatatu nilimwambia.

Taa zikazimwa. Ukuta ukawaka. Kikatokea kioo chetu, kikubwa kama nilivyokiona kwenye hofu yangu, na katikati alama moja ya njano.

Mama yangu alikuwa mstari wa mbele, amevaa kitenge kipya. Aligeuka, akanitafuta kwa macho, akaniita kwa mkono. Nikaenda nikachuchumaa karibu naye.

“Kavira, wameandika nini pale?”

Jirani yake alikuwa amekwisha kufungua mdomo amsomee. Nikamwekea mkono begani, anyamaze.

“Sherehe ya Bigo,” nilimsomea mama yangu. “Point.”